Gari lenye injini ya pikipiki likizidi kelele: pa kuangalia kabla ya kununua sailensa

Injini ya pikipiki ya silinda nne, cc 1000, ikiwa mahali pake husukuma kama kilo 200 pamoja na uzito wa dereva. Ukiihamishia kwenye gari la kujiundia la kilo 450 au 500, injini ileile hukanyagwa mafuta hadi mwisho kwa muda mrefu zaidi katika kila mzunguko wa uwanja. Moshi unaopita ni mwingi, joto halipati nafasi ya kupungua, na ile sailensa ndogo iliyokuja na pikipiki haikuundwa kwa kazi hiyo. Kelele ikipanda, wengi hukimbilia sailensa kubwa kabla hawajajua sauti inatokea wapi. Pesa nyingi hupotelea hapo.

Kutoka Nakuru na Njoro hadi Kisumu, mazoezi hufanyika kwenye viwanja vya murram vilivyopakana na mashamba, mifugo na nyumba za watu. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa maeneo ya makazi, zikipimwa nje. Uingereza, ambako magari haya yana wafuasi wengi, viwanja vingi hukubali desibeli 105 gari likiwa limesimama, na penye majirani wa karibu kikomo hushuka hadi 98 au chini. Takwimu hizo mbili hazigongani. Sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo gari linalotoa 105 kwenye nusu mita hubaki na kama 45 kwenye mita 500, pasipo kilima wala ukuta wa kuirudisha. Lakini hiyo ni injini isiyo na mzigo. Likikimbia kwa mafuta yote, sauti hupanda, na mwenye nyumba ya mita 500 ana haki ya kulalamika.

Kuna jambo la bonde letu ambalo wageni hawalijui. Alfajiri, hewa baridi hulala chini kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, na ile ya juu yake huwa na joto zaidi. Sauti hupinda kurudi ardhini na kusafiri mbali sana. Gari ambalo halimsumbui mtu saa sita mchana linaweza kuamsha kijiji kizima saa kumi na mbili asubuhi. Anza mazoezi jua likishapasha ardhi.

Kabla ya yote, pima

Weka kipimo cha sauti nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya digrii 45 kutoka mwelekeo wa moshi, kimo sawa na mdomo wenyewe, na kisiwe chini ya sentimita 20 kutoka ardhini. Kiweke kwenye uzani wa A, yaani mpangilio unaofuata usikivu wa sikio. Gari likae pa wazi, mbali na kuta na magari mengine kwa mita tatu au zaidi. Pasha injini moto, kisha ishike kwenye robo tatu ya mizunguko ya juu kabisa: injini inayofika 11,000 kwa dakika ipimwe kwenye 8,250. Chukua vipimo vitatu na uviandike. Programu ya simu haitakupa namba ya kumwonyesha msimamizi wa uwanja, ila inatosha kulinganisha jana na leo, mradi simu ni ileile na mahali ni palepale. Usipime mchana wa upepo, maana upepo ukigonga kinasa sauti huongeza desibeli ambazo gari halikuzitoa. Vaeni vizuia sauti masikioni, wewe na anayekanyaga mafuta.

Elewa pia hesabu hii, kwa sababu ndiyo inayowachanganya mafundi wengi. Tuseme ekzosi inatoa 105 na mdomo wa kuvutia hewa unatoa 100. Jumla si 205. Ni kama 106. Ukihangaika mpaka ekzosi ishuke hadi 95, jumla itakuwa 101. Umepunguza desibeli 10 kwenye ekzosi, lakini sikio limepata 5 tu, kwa kuwa chanzo cha pili kilikuwa kimejificha nyuma ya cha kwanza. Kuanzia hapo, kila shilingi unayotia kwenye sailensa ni ya bure.

Kuna jaribio rahisi la kutenganisha vyanzo. Azima sailensa ya nyuma ya Probox au gari lingine dogo, uiunge kwa paipu ya kukunjika na klempu mbele ya mdomo wa ekzosi yako, gari likiwa limesimama. Sauti ikishuka sana, tatizo limo ndani ya ekzosi. Ikishuka kidogo tu, kelele inatoka kwingine: mwanya wa moshi, ganda la sailensa, hewa inayovutwa, au mashine yenyewe. Msilijaribu hili gari likitembea.

Dalili: mkwaruzo mkali wa "tss-tss" au mgoto unaofuata kila silinda, mkubwa injini ikiwa baridi

Huo ni moshi unaovuja mbele ya sailensa. Mara nyingi huvuja kwenye flenji za kichwa cha injini, ambako gasketi ni pete ya shaba iliyobonyezwa. Pete hizo hutumika mara moja. Ukitoa paipu na kuzirudisha zilezile zilizokwisha bonyea, utavujisha. Angalia alama nyeusi za masizi kuzunguka maungio, hizo hazidanganyi.

Kuhakikisha, injini ikiwa imepoa kabisa, puliza hewa ya kompresa kidogo kidogo kwenye mdomo wa ekzosi uliozibwa kwa kitambaa, halafu paka maji ya sabuni kwenye kila ungio na kila mshono wa kuchomelea. Mapovu yatakuonyesha. Hewa kidogo itapotelea kwenye silinda ambazo vali zake ziko wazi. Hiyo si hoja.

Badilisha pete zote nne kwa pamoja. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo pande zote mbili, hadi kipimo cha kitabu cha injini yako, ambacho kwa stadi za milimita 8 huwa karibu na Nm 20. Pasha injini, iache ipoe, kaza tena. Kama ufa umo kwenye paipu, usichomelee tu na kuondoka: jiulize kwa nini ilipasuka. Karibu kila mara jibu ni sailensa nzito iliyofungwa imara kwenye fremu huku injini ikitikisika kwenye raba zake. Paipu katikati inakuwa ndiyo inayokunjwa. Weka ungio la kuteleza lenye springi, au kipande cha paipu ya kukunjika, na uning'inize sailensa kwa raba.

Dalili: risasi zinapigwa unapoachia mafuta

Mwanya uleule unaotoa moshi huvuta hewa unapoachia mafuta. Petroli isiyoungua inakutana na oksijeni ndani ya ekzosi yenye moto, inalipuka, na pamba ya sailensa, yaani nyuzi za kioo zinazomeza sauti, inapulizwa nje. Ziba mianya kwanza.

Kisha tazama kama ule mfumo wa pikipiki unaoingiza hewa safi kwenye ekzosi bado upo. Pikipiki nyingi za kisasa zinao juu ya kifuniko cha kamshafti, na mpira wake hufika kwenye sanduku la hewa. Katika gari la uwanjani hauna kazi. Uzibe kwa bamba la alumini la milimita 3 na gasketi yake, na milipuko mingi itakoma hapo hapo.

Kama bado inapiga, na plagi zimetoka nyeusi zenye masizi makavu, mchanganyiko una petroli nyingi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Injini ya kabureta iliyorekebishwa Mombasa, ikifika Nakuru inapata hewa nyepesi kwa karibu asilimia 18 huku jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli, zikiendelea kuitoa kwa kipimo cha pwani. Jeti kuu ipunguzwe hatua kwa hatua, ukisoma plagi kila mara. Injini ya sindano za mafuta hujirekebisha yenyewe, mradi kihisi cha shinikizo la hewa hakikuachwa kikining'inia bila waya wakati wa kuhamisha injini. Ni kosa la kawaida sana kwenye magari haya, na taa ya onyo haionekani kwa sababu dashibodi ya pikipiki iliachwa karakanani.

Dalili: gari lilikuwa kimya likiwa jipya, sasa kila wiki linapanda

Pamba ya sailensa imeisha. Hapa tutakaa kidogo, maana ndilo tatizo kubwa kuliko yote na ndilo fundi wa jua kali anaweza kulimaliza vizuri kabisa.

Sailensa ya aina hii ni paipu yenye matundu, iliyozungukwa na nyuzi za kioo, ndani ya ganda. Moshi unapita moja kwa moja. Sauti inapenya matundu na kumezwa na nyuzi. Nyuzi zikichomeka, zikikatika na kupulizwa nje, ganda linabaki debe tupu. Jua hivyo kwa kuigonga kwa kiganja ikiwa baridi: iliyojaa hutoa mlio mfu, iliyo tupu hulia.

Ukubwa kwanza. Kwa injini ya cc 1000, tafuta ujazo wa lita 10 au zaidi. Ganda la kipenyo cha milimita 178 na urefu wa milimita 560, lenye paipu ya ndani ya milimita 51, linaacha nafasi ya karibu lita 12.8 ya pamba. Nyuzi za kioo zijazwe gramu 100 hadi 150 kwa kila lita. Kwa gramu 120, hiyo ni kilo moja na nusu. Pima kwa mizani, usikisie. Ukijaza kidogo, nyuzi zinacheza na kukatika. Ukishindilia kupita kiasi, sauti haipati njia ya kuingia na sailensa inafanya kazi kama ukuta.

Paipu ya ndani inahitaji matundu yaliyochukua karibu theluthi ya eneo lake. Matundu ya milimita 3 yaliyopangwa kwa kupishana, milimita 5 kutoka kitovu hadi kitovu, yanakupa asilimia 32. Kwa urefu wa milimita 560 hayo ni matundu zaidi ya elfu nne, na hakuna mtu anayefaa kuyatoboa kwa drili. Nunua chekeche la kinu cha posho, lile la kusagia chakula cha mifugo lenye matundu ya milimita 3 au 4, linalopatikana kwa wauza vipuri vya vinu Nakuru na pale Kibuye, Kisumu. Kata upana wa milimita 160, likunje kwenye paipu nzima, chomelea mshono kwa vituo vifupi. Kipenyo cha ndani kilingane na cha paipu inayoingia. Ngazi hata ya milimita 2 kwenye ungio hupasua mkondo wa moshi na kuzaa mluzi wake yenyewe.

Kujaza upya kunakwenda hivi. Toa riveti za mwisho mmoja kwa biti ya milimita 5. Vuta kifuniko, toa pamba ya zamani ukiwa na glavu, miwani na barakoa, kwa maana vumbi la nyuzi za kioo huwasha ngozi na si kitu cha kuvuta kifuani. Safisha masizi yaliyoziba matundu kwa brashi ya waya. Zungushia paipu tabaka moja la sufu ya chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 5 au 6. Hilo ndilo linalopokea moto wa kwanza na kuzuia nyuzi zisinyonywe kupitia matundu. Sufu ya kawaida ya kusugulia sufuria, ile inayoshika kutu, inaungua, usiitumie. Juu yake viringisha mkeka wa nyuzi za kioo hadi uzito uliokokotoa utimie, uufunge kwa uzi wa pamba ambao utaungua wenyewe baadaye, kisha usukume yote ndani ya ganda kwa kuzungusha upande mmoja tu, ule ulioviringishia. Paka silikoni ya joto kali kwenye mdomo wa kifuniko, rudisha riveti za milimita 4.8. Injini iendeshwe polepole kwa nusu saa ya kwanza.

Ipime sailensa nzima kwenye mizani siku hiyo na uandike uzito kwenye ganda kwa kalamu ya rangi. Kila baada ya siku mbili tatu za uwanjani ipime tena. Ikipoteza robo ya uzito wa pamba, ijaze kabla haijaanza kulia.

Vitu vya kukataa hata vikitolewa bure: pamba ya dari, kwa sababu gundi yake huungua na nyuzi zinageuka unga, matambara, kwa sababu yatashika moto, na ganda au paipu ya maji ya galvanaizi. Zinki yake ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kifua, na kwenye joto la ekzosi hutoka magamba.

Pamba ikiisha haraka kuliko inavyopaswa, sailensa iko karibu mno na injini, au mchanganyiko na taiming, yaani wakati wa cheche, haviko sawa. Cheche inayochelewa hupeleka moto nje kupitia vali. Rekebisha hilo kabla ya kununua kilo nyingine.

Dalili: linapita kipimo likiwa limesimama, linashindwa likikimbia

Hii inawakasirisha watu kwa sababu wanaona kama kipimo kimewaonea. Hakijawaonea. Gari likiwa limesimama bila mzigo, vali za hewa zimefunguka kidogo tu hata kwenye mizunguko 8,250. Likikimbia kwa mafuta yote, midomo minne ya kuvutia hewa iko wazi kabisa, na ikiwa haina sanduku, bali filta ndogo za sponji au hakuna kitu, sauti yake inaweza kulingana na ya ekzosi. Ni ile sauti nzito ya kukoroma inayopendwa na dereva kwa sababu iko karibu na masikio yake.

Jenga sanduku la hewa. Lita 10 zinatosha kwa cc 1000, zaidi ni bora. Alumini ya milimita 2 au plastiki ngumu, liwe na mbavu ili kuta zisipige ngoma, ndani libandikwe sponji isiyoshika petroli, na mdomo wake uelekee mbele au chini, usielekee kiti. Filta iwe ya kutosha na ioshwe kila siku ya uwanjani. Wamasai waliuita mji wa Nakuru mahali pa vumbi, na vumbi lake laini la volkano huziba filta ya sponji kwa asubuhi moja.

Likibaki na kelele baada ya sanduku, sikiliza mnyororo na magurudumu yake ya meno, bodi ya alumini isiyo na kitu nyuma yake, na kisanduku cha kurudi nyuma. Karatasi ya lami inayobandikwa ndani ya milango ya magari, ikiwekwa katikati ya kila paneli kwa theluthi moja ya eneo lake, humaliza mlio wa bati.

Dalili: mngurumo mmoja tu, kwenye mizunguko fulani, kwingine kimya

Hapa pamba haisaidii sana, kwa maana nyuzi humeza sauti nyembamba vizuri kuliko nzito. Weka tawi lililozibwa: paipu ya kipenyo sawa na ekzosi, inayochomelewa pembeni kabla ya sailensa, mwisho wake umefungwa. Sauti inaingia, inarudi imepinduka, na inajifuta yenyewe. Urefu wake ni robo ya wimbi. Silinda nne kwenye mizunguko 8,250 hulipuka mara 275 kwa sekunde. Ndani ya moshi wa nyuzijoto 400 sauti husafiri karibu mita 520 kwa sekunde. Gawanya 520 kwa mara nne ya 275: sentimita 47. Kwa mngurumo wa mizunguko 5,000, utahitaji sentimita 78. Anza na paipu ndefu kidogo yenye kizibo cha kusogeza, tafuta kipimo kinachonyamaza, ndipo uchomelee. Tawi hufanya kazi kwenye ukanda mwembamba tu, kwa hiyo liwe la tatizo lako, si la jirani.

Umebakiwa na desibeli mbili tatu

Sailensa mbili ndogo zilizofuatana, zenye paipu tupu kati yake, kwa kawaida hushinda moja yenye ujazo uleule, na ya kwanza inaipunguzia ya pili joto. Mdomo ulioelekezwa nyuma na chini kidogo hupunguza sauti nyembamba kwa aliye pembeni, ila kwenye murram usiuelekeze ardhini moja kwa moja: utapuliza vumbi kwenye breki zako, na nyasi kavu za Januari na Februari zitashika moto.

Kizibo cha kupunguza mdomo, tuseme kutoka milimita 51 hadi 38, hushusha kelele haraka na kwa bei ndogo. Gharama yake ni nguvu na joto. Kabla ya kukiacha humo, pima shinikizo la nyuma kupitia tundu la kihisi cha oksijeni, ukiunga geji kwa mita moja ya paipu ya shaba ya breki ili moshi upoe njiani. Kwenye mafuta yote, chini ya kPa 10 ni vizuri. Likizidi kPa 20, ondoa kizibo na uongeze ujazo wa sailensa, kwa sababu vali za kutolea moshi ndizo zitakazolipa.

Na kila sailensa mpya, hata nzuri namna gani, huhamisha joto. Acha sentimita 5 au zaidi kati ya ganda na bodi ya faibaglasi, weka bamba la alumini katikati lenye nafasi ya hewa pande zote mbili, na paipu za petroli na breki zipite upande wa pili wa fremu. Baada ya mizunguko mitano ya kwanza simamisha gari, zima injini, na uguse bodi kwa mgongo wa mkono. Kama huwezi kuushikilia hapo kwa sekunde tano, sogeza sailensa kabla ya kuwasha tena.